Mwongozo Kamili: Kupata Ukumbi wa Bei Nafuu wa Mashindano ya Sataranji ya Kompyuta

Vikundi vingi vya vijana vinafika salama mpaka kwenye programu: injini (programu inayocheza sataranji yenyewe) inacheza, sheria zipo, washiriki wanane au kumi wamejiandikisha. Kisha mambo yanakwama kwenye ukumbi. Wengine hukimbilia hoteli na kumaliza mfuko wote kwa siku moja. Wengine hupata chumba cha bure, umeme ukakatika raundi ya pili. Chanzo mara nyingi ni kimoja: wametafuta ukumbi kama wa sherehe au wa mashindano ya watu, wakati kompyuta zinazocheza zenyewe zina mahitaji yake.

Injini haihitaji kimya wala meza pana. Inahitaji umeme usioyumba, hewa, na saa za kutosha. Hivyo vitatu ndivyo vinavyoamua gharama, na kodi ya ukumbi inafuata nyuma. Ukilishika hilo, utaona kwamba sehemu nzuri zaidi mara nyingi ni zile ambazo hakuna anayezitangaza.

Mifano nimeitoa Tanzania na Kenya, lakini hesabu ni zilezile popote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujapiga simu hata moja

- Orodha ya injini zitakazoshiriki, na aina ya mashine kila moja inayohitaji.
- Ratiba ya raundi kwa saa na dakika.
- Hesabu ya wati za vifaa vyote.
- Barua ya maombi yenye jina la kikundi, namba ya simu na mhuri kama mnao.
- Flashi yenye Cute Chess au Arena (programu za kuchezesha injini) pamoja na injini mbili tatu za bure, Stockfish ikiwemo.
- Kompyuta mpakato moja iliyojaa chaji, ekstensheni moja nzima, na testa ya umeme.
- Kiasi cha juu kabisa mnachoweza kulipa, kikiwa kimeandikwa na kukubaliwa na wote. Anayekwenda kupatana bila kiasi hicho mfukoni hukubali chochote.

## Hatua ya 1: Punguza mashindano kabla ya kutafuta ukumbi

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa, na hapa ndipo watu wengi huruka.

Anza na muda wa kufikiri. Tuseme kila injini ina dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila mwendo. Michezo ya injini huwa mirefu, na miendo 100 kwa kila upande si ajabu. Dakika 15 ukijumlisha na sekunde 1,000 za nyongeza ni karibu dakika 32 kwa upande mmoja, yaani saa nzima na zaidi kidogo kwa mchezo. Weka saa moja na robo kwa raundi. Washiriki wanane wakicheza kila mmoja na mwenzake ni michezo 28 katika raundi saba: saa 8 na dakika 45 bila chakula wala hitilafu. Hiyo ni kodi ya siku nzima na jioni yake.

Sasa shusha muda uwe dakika 5 na sekunde 3. Miendo 100 inakula dakika 10 kwa upande, mchezo unaisha ndani ya dakika 20, raundi inawekewa nusu saa. Raundi zilezile saba zinamalizika kwa saa tatu na nusu. Umehama kutoka siku nzima hadi nusu siku, na nusu siku ndiyo bei ambayo wenye kumbi wengi wako tayari kuizungumza.

Kuna sharti. Kwa nyongeza ya sekunde 3, mtu hawezi kuingiza miendo kwa mkono. Mchezo lazima uendeshwe na programu kama Cute Chess, inayoziunganisha injini mbili kwa itifaki (lugha ya mawasiliano ya injini) ya UCI au ya XBoard, kutunza saa na kuhifadhi mchezo.

Faida ya pili ni kubwa zaidi. Injini mbili zinaweza kucheza ndani ya kompyuta moja, mradi mzime uwezo wa kufikiri wakati wa zamu ya mpinzani na kila injini ipewe idadi sawa ya nyuzi za prosesa. Washiriki wanane wanahitaji kompyuta nne. Umeme unapungua, joto linapungua, na chumba kidogo kinatosha.

Tahadhari: injini inayotegemea kadi ya michoro, kama Leela Chess Zero, haitafanya vizuri kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisi. Mwenye nayo aruhusiwe kuunganisha mashine yake iliyoko nyumbani kwa intaneti, au mpange kundi lake peke yake. Andikeni mapema kwamba mtandao wake ukikatika, saa yake inaendelea kutembea. Bila sheria hiyo, ubora wa intaneti unakuwa mzigo wa mwandaaji, nawe utaanza kutafuta ukumbi wa gharama kwa ajili ya mshiriki mmoja.

Utajua umefaulu ukiweza kumwambia mwenye ukumbi sentensi moja: "Tunahitaji chumba chenye meza nne na umeme, saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, watu ishirini."

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya umeme na joto

Kompyuta mpakato ya kawaida huchaji kwa wati 45 hadi 65. Ya mezani, ya maabara, pamoja na skrini yake, ihesabie wati 200 uwe salama. Ile yenye kadi kubwa ya michoro hupita 400 kwa urahisi.

Chukua mfano wetu: kompyuta nne za mezani ni wati 800, projekta 300, mapangaboi manne 300, ruta 20. Jumla ni kama wati 1,420. Kwa saa tano unatumia uniti saba za umeme na chenji. Kiasi hicho ni kidogo, na ndiyo silaha yako ya kupatana: mwenye ukumbi anaposikia "kompyuta" huwaza bili kubwa, nawe unamwonyesha hesabu kwenye karatasi na kuahidi kununua tokeni mwenyewe.

Soketi zetu za pini tatu za mraba ni za ampea 13, yaani karibu wati 3,000 kwa volti 230. Mashine nane za wati 400 kwenye ekstensheni moja ni wati 3,200, tayari umepita. Zigawe kwenye soketi tofauti, na ikiwezekana kwenye breka tofauti. Ekstensheni ya kuzungushwa kwenye kibiringita ifunguliwe yote. Ikibaki imeviringwa hupata joto hadi plastiki kuyeyuka.

Birika la umeme la mama wa chai lina wati 2,000 au zaidi. Likichomekwa ukuta mmoja na mashine zenu, breka inaweza kuruka katikati ya mchezo. Mpeni soketi yake mbali, na mwambieni kwa nini.

Umeme wote huo unageuka joto ndani ya chumba. Prosesa ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe, na injini yenye kasi ndogo huona miendo michache mbele. Kwa hiyo chumba cha moto kinaharibu matokeo, hasa kama meza moja iko dirishani na nyingine kwenye kona isiyo na hewa. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, miezi ya Juni hadi Agosti ni rafiki kuliko Januari hadi Machi.

## Hatua ya 3: Tafuta mahali ambapo meza na soketi tayari zipo

Mpangilio huu ni wangu, kuanzia panapofaa zaidi.

Maabara ya kompyuta ya shule au chuo. Hakuna panapoishinda. Meza zipo, soketi zipo, feni zipo, na mara nyingi kompyuta zenyewe zinafanana. Kufanana huko kuna thamani ya pekee: matokeo yanapima programu, hayapimi mfuko wa mwenye mashine. Hata kwenye ngazi ya dunia, kuanzia 2010 kulikuwa na ubingwa wa programu za sataranji uliochezwa kwenye kompyuta zinazolingana. Lenga likizo: Tanzania ni Juni na Desemba, Kenya ni Aprili, Agosti, na mwisho wa mwaka. Jumamosi za kawaida pia zinawezekana.

Vituo vya ubunifu wa teknolojia. Buni Hub iliyo jengo la COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) Dar es Salaam, Swahilipot Hub ya Mombasa, iHub ya Nairobi, na vingine vya mikoani. Kazi yao ni kukusanya vijana wanaoandika programu, kwa hiyo hamna haja ya kueleza sana injini ya sataranji ni nini. Peleka maombi mapema, kwa sababu kalenda zao hujaa.

Kujiegesha kwenye tukio la mtu mwingine. Hii inadharauliwa bila sababu. Chama cha kimataifa cha michezo ya kompyuta, ICGA, kimefanya hivyo mara nyingi: ubingwa wa dunia wa 2006 ulichezwa Torino wakati wa Olimpiadi ya sataranji, wa 2018 ulichezwa Stockholm sambamba na kongamano la akili mnemba, na wa 2024 vivyo hivyo, Santiago de Compostela. Kwenu inaweza kuwa wiki ya sayansi ya chuo, maonesho ya TEHAMA, au mashindano ya kawaida ya sataranji ya mkoa. Ukumbi umeshalipiwa; ninyi mnaomba kona yenye soketi mbili, nao wanapata kivutio.

Sajber. Muite mwenye sajber ambayo Jumapili huwa tupu, mkodi saa tano kwa bei ya jumla. Kelele za nje hazina neno, injini hazisikii.

Maktaba, kumbi za kata, za misikiti na makanisa, na vilabu vya michezo vyenye chumba cha karata. Uholanzi, mashindano ya sataranji ya kompyuta ya Leiden yalichezwa miaka mingi kwenye nyumba ya michezo ya akili, ambayo siku nyingine hutumiwa na wachezaji wa bridge. Vyumba hivi ni rahisi, ila kagua soketi kwa makini. Ukumbi wa watu mia tatu wenye soketi mbili, zote jukwaani, nimeuona zaidi ya mara moja.

Hoteli na kumbi za harusi ziwe za mwisho. Kama hamna budi, ombeni Jumanne au Jumatano. Jumamosi mnashindana na maharusi, na hapo hamtashinda.

## Hatua ya 4: Andika barua, kisha nenda mwenyewe

Kwa shule na ofisi za umma, simu peke yake haitoshi. Barua humpa mkuu wa shule kitu cha kuweka kwenye faili na kumwonyesha aliye juu yake. Iwe fupi:

> Mkuu wa Shule,
>
> YAH: OMBI LA KUTUMIA MAABARA YA KOMPYUTA
>
> Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni kikundi cha vijana wanaotengeneza programu za sataranji. Tunaomba kutumia maabara ya shule yako siku ya Jumamosi wakati wa likizo, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana. Tutakuwa watu 20, tutatumia kompyuta nne, na umeme wa takribani uniti 7 ambao tutaulipia. Hatutafuta wala kubadili chochote katika kompyuta bila idhini ya mwalimu wa TEHAMA.
>
> Kwa shukrani, tunaahidi kupuliza vumbi kwenye kompyuta zote za maabara na kuwafundisha wanafunzi kwa saa mbili, siku utakayoichagua.

Aya ya mwisho ndiyo inayofungua mlango, na lazima itekelezwe. Kompyuta nyingi za shule zimejaa vumbi hadi feni zinalia. Kuzisafisha kunawagharimu alasiri moja, kunamfaa mwalimu, na kunapunguza lile joto la hatua ya pili.

Siku ya pili au ya tatu baada ya kupeleka barua, nenda ana kwa ana. Usimruke mwalimu wa TEHAMA. Mkuu akikubali lakini mwalimu akajiona amepitwa, siku ya mashindano ufunguo hautaonekana. Mwamkie, mweleze, muombe awe mwamuzi msaidizi akipenda.

## Hatua ya 5: Patana kwa jumla, si kwa kodi

Mwenye ukumbi akitaja bei, uliza hapohapo: usafi umo? Mlinzi? Viti? Mafuta ya jenereta umeme ukikatika? Projekta? Kodi ya ongezeko la thamani imeingizwa? Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18 na Kenya 16, kwa hiyo bei "tamu" isiyo na VAT inaweza kupanda ukiwa umeshalipa kianzio.

Linganisha kumbi kwa jumla hiyo, ukiongeza nauli ya kubeba mashine. Chumba cha bure kinachokulazimisha kukodi gari la Noah kubeba kompyuta nane na meza kinaweza kukugharimu zaidi kuliko maabara ya kulipia iliyo karibu na kituo cha daladala.

Cha kuomba kipunguzwe ni saa, kabla ya bei. "Tukiondoka saa saba badala ya saa kumi, mtapangisha tena jioni" ni hoja yenye faida kwake. "Sisi ni vijana tu, tusaidie" ameisikia sana.

## Hatua ya 6: Kagua ukumbi saa ileile mtakayoutumia

Kwenda saa tatu asubuhi kukagua chumba mtakachokitumia saa nane mchana ni kupoteza nauli. Bati lisilo na dari hubadilika kabisa baada ya adhuhuri.

Chomeka testa kwenye kila soketi mnayotaka, moja moja. Soketi iliyokufa ni jambo la kawaida, na inayocheza ikiguswa ni mbaya zaidi kwa sababu itazima mashine raundi ya tatu. Muombe mlinzi au fundi akuonyeshe ilipo meinswichi, na nani ana ufunguo wa kisanduku chake. Angalia uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU au ya tokeni. Shule iliyofungwa likizo inaweza kuwa imebakiza uniti mbili.

Uliza kuhusu jenereta, na utake iwashwe mbele yako. Kati ya umeme kukatika na jenereta kushika kuna nafasi ya sekunde kadhaa hadi dakika, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) haivuki hapo. Mpakato huvuka. Mkiwa na UPS moja tu, ipeni ruta na kompyuta ya mwamuzi.

Kisha washa injini kwenye kompyuta moja ya pale, uiache ichambue kwa saa nzima. Injini huonyesha idadi ya nafasi inazokagua kwa sekunde. Andika namba ya dakika ya tano, na ya dakika ya sitini. Ikishuka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, chumba kina joto mno au mashine ina vumbi. Safisha, sogeza karibu na dirisha, pima tena.

Utajua umefaulu kama namba hizo mbili zimekaribiana kwenye kompyuta zote nne mnazokusudia kutumia. Ile inayobaki nyuma, ibadilisheni.

## Hatua ya 7: Jaribu kompyuta za maabara kabla ya kuweka sahihi

Hatua hii ni kwa wanaotumia mashine za wenyewe, na inawakwamisha wengi kwa sababu kila kitu huonekana sawa mpaka injini inapogoma kufunguka.

Prosesa kuukuu ndiyo ya kwanza. Matoleo ya kasi ya Stockfish na injini nyingi za sasa yanataka maelekezo ya AVX2 (amri maalumu ndani ya prosesa), ambayo prosesa za Intel za kabla ya 2013 hazina. Injini itajifunga papo hapo bila maelezo. Bebeni toleo la kawaida la kila injini kwenye flashi, na washiriki wote waambiwe walete lao.

Windows ya biti 32 nayo haitaendesha injini ya biti 64. Angalia RAM: kwenye mashine ya GB 4, injini mbili zikipewa hashi (kumbukumbu ya kuhifadhia nafasi zilizokwisha kukaguliwa) ya GB 1 kila moja, mfumo wote unaanza kujikokota. MB 256 kwa kila injini zinatosha kwa muda wa dakika 5.

Programu ya kuzuia virusi huweza kuifungia injini mliyoiandika wenyewe kwa sababu haijawahi kuiona. Muombeni mwalimu aweke folda ya mashindano kwenye orodha ya ruhusa. Baadhi ya maabara na sajber zina mfumo unaorudisha kila kitu kama kilivyokuwa kompyuta ikizimwa; hapo hifadhini michezo kwenye flashi baada ya kila raundi. Zima usingizi wa kompyuta, na zima masasisho ya Windows kwa siku hiyo.

## Hatua ya 8: Andikishianeni

Ukurasa mmoja unatosha, hata kwa chumba cha bure: tarehe, saa za kuingia na kutoka, vyumba na vifaa, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, nani ananunua umeme, nani ana ufunguo na namba yake, na nini kitatokea tukio likiahirishwa. Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, M-Pesa au benki, udai risiti.

Upande wenu andikeni sheria ya umeme kukatika, muisome mbele ya washiriki kabla ya raundi ya kwanza: mchezo utaendelea kutoka nafasi ya mwisho iliyohifadhiwa, saa zikiwa zilezile. Mkiwa na sheria hiyo, hitilafu ya dakika kumi haimalizi kodi ya saa mbili kwa ubishi.

## Hatua ya 9: Siku yenyewe na makabidhiano

Fika mapema, muda wa saa moja na nusu kabla ya raundi ya kwanza. Soma mita na uipige picha pamoja na mwenyeji. Washa mashine zote nne kwa pamoja, injini zikifanya kazi kwa nguvu zote kwa dakika ishirini. Breka ikiwa itaruka, iruke wakati huo.

Mkimaliza, ondoeni programu zenu, rudisheni mipangilio ya usingizi na masasisho, panga viti, soma tena mita mbele ya mwalimu na mlipe tofauti palepale. Muachieni karatasi ya matokeo yenye jina la shule yake juu, na kabla hamjarudisha ufunguo muulizeni kama Jumamosi ileile ya likizo ijayo iko wazi.